Shajara ya mradi: DNA ya ndara na vijiti vya mishikaki, Likoni

Naandika hii kadri kazi inavyokwenda, ili mwengine akitaka kuiga asichome pesa na wikendi zake pahala palepale tulipochoma sisi. Tunajenga kipande cha DNA, ile ngazi iliyosokotwa ndani ya seli inayobeba maagizo ya mwili, cha urefu wa mtu mzima, kinachofunguka na kufungika, halafu tutoe RNA, nakala ya ujumbe wake, kutoka kwake na protini kutoka kwa hiyo RNA. Niko na watoto wanane wa fomu tuu na fomu thrii, tunakaa baraza la dada yangu hapa Likoni, Mombasa, kila Jumamosi asubuhi mpaka adhuhuri.

Jumamosi, 14 Juni: kuchagua herufi

Ningeweza kupanga A, T, G na C, zile herufi nne za DNA, ovyo ovyo kama ngazi nyingi za vitabuni, lakini mpwa wangu ana miaka 13 na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nimechoka kusikia watu wakimwambia mamake ati ni kitu alichokula akiwa na mimba, mara ni jicho la mtu. Kwa hivyo tumechukua mwanzo wa jini (kipande cha DNA chenye maagizo ya protini moja) ya beta-globini, iko kwenye kromosomu ya 11, ndiyo inayotoa nusu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Herufi 30 za kwanza zinazosomwa ni hizi:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT

Selimundu yote, maumivu ya mifupa, kulazwa, kuongezwa damu, inaanzia kwa herufi moja hapo. Ile GAG ya kwanza, A ya katikati ikawa T, basi. Ukihesabu kutoka mwanzo ni herufi ya 20.

Tukahesabu uzi mzima tukapata A 7, T 8, G 9, C 6. Ukiweka na uzi wa pili unaokabiliana nao, A anakaa na T, G na C, unapata 15 kwa kila moja. Msichana mmoja akaniuliza kama nimepanga makusudi zitoke sawa. La. Kumi na tano kila moja ni bahati ya kipande hiki tu, lakini A kulingana na T na G kulingana na C hiyo si bahati, mwanakemia Erwin Chargaff aliliona hilo kwa kupima DNA za viumbe mbalimbali na kufikia 1950 alishalitangaza, kabla hata umbo lenyewe halijajulikana.

Vipimo tulivyoamua: DNA halisi ina upana wa nanomita 2, na kutoka jozi moja ya herufi hadi nyengine ni nanomita 0.34. Sisi jozi hadi jozi tumeweka sentimita 6, kwa hivyo upana unatoka 35 na urefu 174, na kila jozi 10 na nusu ni mzunguko mmoja kamili, sentimita 63. Hiyo ni kukuza kama mara milioni 176. Kijana mmoja akapiga hesabu kwenye simu: DNA yote ya seli moja ya mtu, herufi bilioni 6, kwa kipimo chetu ingefika kilomita 360,000, yaani ushakaribia mwezini. Na yote hiyo imekunjwa ndani ya kiini ambacho hukioni kwa macho. Kwa urefu wake halisi ni kama mita 2. Walinyamaza kidogo hapo.

Jumamosi, 21 Juni: mpira mfupi

Ndara tumeziokota ufukweni Shelly, magunia mawili kwa saa moja na nusu, tukaziosha kwa jiki na kuzianika. Tumezitenga kwa rangi zilizokuja nazo, hakuna kununua rangi: A nyekundu, T buluu, G kijani, C nyeusi, na za njano tumeziweka kando kwa U, herufi ya RNA inayokaa pahala pa T. Sukari tumeikata pembe tano, fosfeti ni vifuniko vya soda kutoka dukani. Sukari, fosfeti, sukari, fosfeti, huo ndio uti wa uzi, na herufi inaning'inia kwenye sukari. Vijiti vya mishikaki vinashika herufi. Hii sehemu haina maneno mengi, ni kisu kikali na subira.

Maneno yako kwenye mpira wa maji. Tulitaka uti uwe wa mpira ule wa kumwagilia maua na waya wa kufungia vyuma ndani ili usimame. Nikaona ngazi ni sentimita 174, nikanunua mita 2 kwa kila upande, sh. 320, tukatoboa tundu kila sentimita 6, tukavika vijiti vyote 30, tukaanza kusokota. Haikufika hata mzunguko mmoja vijiti vikaanza kupinda na viwili vikavunjika. Tukadhani mpira ni mgumu, tukauanika juani ulainike. Wapi!

Mtoto ndiye aliyeona. Akashika uzi wa kushonea akauzungusha kwenye chupa kutoka chini hadi juu, akaukata, akaunyoosha, ukawa mrefu kuliko chupa mara mbili. Mzunguko mmoja wa upana wa 35 una mzingo wa sentimita 110, na hapohapo uzi unapanda sentimita 63, kwa hivyo urefu wake wa kweli ni karibu sentimita 127 kwa mzunguko. Zidisha kwa mizunguko yetu, unataka mita 3.6 kila upande. Na matundu yawe kila sentimita 12, ukishasokota ndipo yanakaribiana yakawa 6 kwa kimo. Nikanunua mita 8 nyengine, sh. 640. Ile mipira miwili mifupi usitupe, utaona kazi yake huko mbele.

Jumamosi, 28 Juni: gundi, nguzo na saizi za herufi

Siku ya makosa matatu.

La kwanza, tuligandisha jozi kwa gundi ile ya kushika papo hapo, sh. 250. Ngazi ikasimama vizuri sana, imara kabisa, na ndilo tatizo. DNA ambayo haifunguki haifai kitu. Kazi yake yote, kujinakili seli inapogawanyika, kutoa RNA, inataka nyuzi mbili ziachane katikati bila uti kukatika. Ndiyo maana uti umeungwa kwa viungo vya nguvu na herufi zimeshikana kwa viungo hafifu vya haidrojeni, viwili kati ya A na T, vitatu kati ya G na C. Sisi tulikuwa tumefanya kila mahali kuna nguvu sawa.

Tulihangaika na sumaku, bei haishikiki. Dada yangu, aliyekuwa anatuangalia tu huku akitia uzi cherehani, akaja na kopo la vifungo vya kubonyeza, vile vya chuma vya kike na kiume anavyoshona kwenye nguo za watoto. Viwili kwa kila A na T, vitatu kwa kila G na C, jumla 75. Tulinunua dazeni saba, sh. 420. Ukivuta unasikia tak tak tak, na ukisogeza pamoja inarudi. Mtu yeyote akigusa anajua kwa vidole vyake kuwa G na C ni wagumu kuachana. Sijapata bado njia ya kufundisha hilo inayopita hii.

La pili, tulikuwa na paipu katikati kama nguzo. DNA haina nguzo katikati, na nguzo inazuia ngazi isifunguke. Tukaitoa, sasa inaning'inia kwenye kulabu ya boriti.

La tatu lilitoka kwa swali: "Mwalimu, kwani G akikaa na G kuna shida gani? Vifungo si vitatu kwa vitatu?" Na kweli herufi zetu zote zilikuwa na urefu mmoja, hakuna kilichozuia. Herufi halisi si saizi moja. A na G zina pete mbili, ni ndefu, T na C zina pete moja, ni fupi. Ndefu na ndefu hazienei kati ya nyuzi, fupi na fupi hazifikiani. Tukakata upya zote 60, ndefu sentimita 15 na fupi 9, kila jozi inatoka 24. Yule aliyeuliza akajaribu G kwa G, uti ukabetuka nje, akacheka, akazitenganisha mwenyewe.

Niliwaambia kuwa James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, naye mwaka 1953 huko Cambridge alianza kwa kukutanisha herufi na mwenziwe wa aina moja, A kwa A, ikakataa, na akiwa anasubiri vipande vya chuma kutoka karakana akakata maumbo ya kadibodi akawa anayasogeza mezani mpaka akaona jozi ya A na T ina umbo sawa na jozi ya G na C. Kadibodi yake na ndara zetu ni kazi ileile.

Jumamosi, 5 Julai: ilisokotwa upande siyo

Wiki nzima tulikuwa na DNA ya mkono wa kushoto na hatukujua.

Tulisokota tarehe 28 jioni, tukapiga picha, kila mtu akatuma kwao. Kwenye picha ilikuwa sawa kabisa na ya kitabu. Jumanne nikapita baraza peke yangu nikaiangalia, nikaona kuna kitu. Parafujo ya kawaida ukiisimamisha mbele yako, mistari yake ya mbele inapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. DNA ya kwenye seli, ile ya kawaida, nayo ni hivyo hivyo. Yetu ilikuwa inapanda kwenda kushoto. Picha ilikuwa ya kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipiga, na simu ile inahifadhi picha kama kioo. Kioo kiligeuza kushoto kuwa kulia kikatuficha kosa.

Watoto walipokuja wakasema si tuipindue tu, juu iwe chini. Tukaipindua. Iko vilevile. Chukua parafujo uigeuze kichwa chini uone, upande wa msokoto haubadiliki hata uisimamishe vipi. Dawa ni moja, kusokotoa mizunguko mitatu kasoro na kusokota mitatu kasoro kwenda kule kwengine, na vifungo vikawa vinaachia njiani. Saa mbili zilikwisha. Ukiiga, funga parafujo kubwa kwa uzi juu ya kulabu, uwe unailinganisha kabla hujasokota.

Tulipokuwa tumeisokotoa imelala bapa, tukaona lengine. Pembe tano za sukari za nyuzi zote mbili zilikuwa zimeelekea juu. Nyuzi za DNA zinakwenda kinyume, moja inaanza na mwisho uitwao 5 na kuishia 3, ya pili inaanza 3 na kuishia 5, kama barabara ya Likoni kwenda Ukunda, matatu hii yaenda na ile yarudi, ziko sambamba lakini hazielekei pamoja. Tukang'oa sukari 30 za upande mmoja tukazigeuza. Wakati ule niliona kazi bure, maana kwa mbali huoni tofauti. Subiri tufike RNA.

Kitu kimoja hatukukirekebisha: DNA halisi ina mitaro miwili isiyolingana, mpana kama nanomita 2.2 na mwembamba kama 1.2, kwa sababu sukari hazikukabiliana sawasawa kupitia katikati. Vijiti vyetu vimenyooka, mitaro ikatoka sawa. Mwenye muda aitengeneze, ni pahala muhimu, protini nyingi zinazosoma DNA bila kuifungua huingiza vidole vyake kwenye ule mtaro mpana.

Jumamosi, 12 Julai: papai

Walitaka kuiona DNA yenyewe. Haki yao.

Jaribio la kwanza: papai bivu kwenye blenda dakika nzima, maji, chumvi, sabuni ya vyombo, tukachuja kwa kitambaa, tukamimina spiriti kutoka chupani moja kwa moja. Tulipata maji ya machungwa yenye povu. Hamna kitu. Chupa nzima ya spiriti ikaenda, sh. 150.

Makosa mawili. Blenda dakika nzima inakata nyuzi vipande vipande, DNA ni ndefu sana na nyembamba sana, haistahimili visu. Na spiriti ilikuwa vuguvugu, hata huu msimu wa kipupwe baraza letu lina joto.

Jaribio la pili tukaponda nusu papai kwa mkono ndani ya mfuko wa plastiki, taratibu. Nusu gilasi ya maji, nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwili vya sabuni ya maji, na kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa. Papai bichi ni lile lile tunalolainishia nyama ya mishikaki, lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokatakata protini, na hapa tunataka kikate protini zilizoshikamana na DNA. Tukakoroga kwa kijiko bila kutoa povu, tukaacha dakika 10, tukachuja. Spiriti ilikuwa imelala kwenye friza ya jirani anayeuza barafu tangu usiku, nimempa sh. 50. Tukainamisha gilasi, tukamimina pole pole ipite ukutani mpaka ikae juu kama tabaka.

Dakika mbili. Kwenye mpaka wa spiriti na maji pakaanza ukungu mweupe, ukungu ukawa vipovu vimeshikana, halafu nyuzi kama ute wa yai zikapanda juu. Mpwa wangu akachovya kijiti cha mishikaki akazungusha, zikajiviringisha, akanyanyua, zikaning'inia hazikatiki.

Sabuni inapasua kuta za mafuta za seli na kiini, chumvi inatuliza chaji za fosfeti nyuzi ziweze kukaribiana, na DNA haiyeyuki kwenye spiriti kwa hivyo inajitenga. Msiwaambie watoto kuwa ute wote ule ni DNA safi, ndani yake kuna pektini ya papai na protini zilizobaki. Friedrich Miescher mwaka 1869 huko Tübingen aliitoa kwa usaha wa bendeji za hospitali, na naye alitumia kimeng'enya cha kusaga protini ili apate kitu kilichobaki, akakiita nukleini. Spiriti iwe mbali na jiko, na gilasi ile isirudi jikoni kunywewa.

Jumamosi, 19 Julai: RNA, na kwa nini kugeuza sukari kulikuwa na maana

Mipira miwili mifupi ya tarehe 21 Juni, mita 2 kila mmoja, na matundu yake ya kila sentimita 6, ndiyo RNA zetu. RNA ni uzi mmoja, sukari yake ni ribosi, ina oksijeni moja zaidi, na badala ya T ina U. Ile oksijeni ndiyo inayoifanya ivunjike upesi, na kwa ujumbe wa kusomwa na kutupwa hiyo ni sifa njema.

Kikundi cha kwanza kilifungua ngazi, tak tak tak, kikachukua uzi wa kushoto, kikapanga RNA inayokabiliana nao. Wakaanza kusoma herufi tatu tatu: UAC, CAC, GUA, GAC, UGA. Nikawauliza AUG iko wapi, protini karibu zote huanza na AUG. Hakuna. Na UGA ni neno la kusimama, kwa hivyo protini yao imekwisha kwa asidi amino, vipande vinavyojenga protini, nne tu. Hakuna herufi hata moja iliyokuwa na makosa. Walinakili kutoka uzi siyo, halafu wakasoma kinyumenyume.

Hapo sukari zilizoelekezwa zikafanya kazi yake. RNA hujengwa kutoka 5 kwenda 3 tu, kwa hivyo uzi unaonakiliwa lazima usomwe kutoka 3 kwenda 5, na hiyo ni TAC CAC GTA, ule wa pili. Wakahamia upande ule, ikatoka AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG UCU, sawasawa na uzi wa kwanza ila kila T ni U. Yule kijana aliyelalamika wiki mbili zilizopita kung'oa sukari 30 akaniangalia tu.

Ribosomu, mashine ya seli inayosoma RNA na kuunga protini, kwetu ni kasha la viatu lenye dirisha la sentimita 18, herufi tatu kamili. Dirisha kwanza tulilikata 20, herufi ya nne ikawa inachungulia, mmoja akaanzia herufi ya pili: UGG, UGC, AUC, UGA. Imesimama tena, baada ya tatu. Tukabandika karatasi pembeni dirisha likabana. Maneno ya herufi tatu yako 64, 61 yanataja asidi amino na matatu, UAA, UAG na UGA, yanasimamisha. Asidi amino zenyewe ni 20 tu, kwa hivyo nyingi zina maneno zaidi ya moja.

Jumamosi, 26 Julai: ushanga, vifuu na kijiti cha 20

Ushanga mmoja ni asidi amino moja: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki, lisini, serini. Tukabishana nusu saa manake vitabu vinasema selimundu ni asidi amino ya 6 na sisi tunahesabu ya 7. Methionini ya mwanzo hukatwa baadaye, ndiyo sababu. Mnyororo mzima wa beta una asidi amino 146, sisi tuna tisa zake tu.

Kisha tukarudi kwenye ngazi. Nikamwambia mpwa wangu akitoe kijiti cha 20, A upande huu na T upande ule, akigeuze, T huku na A kule, akirudishe. Akabonyeza vifungo viwili, vikashika vizuri kabisa. Ngazi haikupinda, upana ni uleule, vifungo bado ni 75. Kwa macho huwezi kujua kuna kitu. Tukanakili RNA ya pili: GAG imekuwa GUG, asidi ya glutamiki imekuwa valini. Vernon Ingram ndiye aliyeigundua tofauti hiyo ya asidi amino moja, kati ya 1956 na 1957.

Lakini ushanga mmoja wa rangi nyengine haumwoneshi mtu ugonjwa, kwa hivyo tulitengeneza hemoglobini za vifuu vya nazi, tulipewa bure na mama anayepika mbaazi na mahamri. Nusu nne zimefungwa pamoja, mbili alfa na mbili beta. Asidi ya glutamiki ina chaji, inapenda maji. Valini haipendi maji, inatafuta pa kujificha, na kwenye hemoglobini jirani kuna kijishimo nacho hakipendi maji. Valini tukaiwekea utepe wa kunata ule wa viatu vya watoto, upande wa kulabu, na kijishimo tukakiwekea upande wa manyoya.

Tulitikisa sita kwenye beseni zikashikana zote papo hapo. Makosa, maana mwenye selimundu damu yake haigandi hivyo kila dakika. Kijishimo hicho hukaa sawa kushikwa pale hemoglobini imeshaachia oksijeni, ikiwa na oksijeni umbo lake ni jengine. Tukakata vifuniko vya plastiki vya kufunika kijishimo, tukaviita oksijeni. Vimevaliwa, vifuu vinagongana na kuachana. Ukivitoa, vinaungana foleni moja ndefu, na foleni hizo ndizo zinazosukuma chembe nyekundu mpaka inajikunja kama mundu.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Kwa hiyo hicho kijiti kimetoka kwangu?" Nikamwambia kimoja kwako na kimoja kwa babake, mtoto hupata nakala mbili za jini, na nyote wawili mna moja iliyogeuka na moja ya kawaida, ndiyo maana nyinyi ni wazima. Kila mimba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili zilizogeuka. Halikuwa chakula, halikuwa jicho. Tukachanganya vifuu vitatu vya kawaida na vitatu vya valini, foleni zikakatika fupi fupi, akaona.

Nikawaeleza na habari za Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alipima damu za watu wa nchi hii akakuta wenye nakala moja iliyogeuka ni wengi hapa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, pengine kupita 20 kwa 100, na kule milimani hawafiki hata 1. Mwaka 1954 akaonyesha sababu ni malaria, nakala moja inamkinga mtoto. Kijiti hiki kimekaa Pwani kwa sababu kiliokoa watu wa Pwani.

Jumamosi, 2 Agosti: kuvuka feri, na gharama

Tulialikwa shule moja upande wa kisiwani. Ngazi haikuenea kwenye tuktuk, ikatoka nje nusu mita, na kwenye msukumano wa feri mtu akaikwaa. Ilifunguka pahala pamoja tu, kijiti cha 25 na 26. Ni A mbili zinazofuatana, vifungo viwili viwili. Kote kwengine imeshika. DNA halisi nayo ikipashwa joto huanza kuachana kwenye A na T nyingi, na sikuhitaji kueleza, walishaona wenyewe tukiwa bado majini. Anayeiga akate mpira katikati na kuunganisha kwa kiungio cha bomba, ibebwe vipande viwili.

Gharama: vijiti 200, vifungo 420, mipira 320 na 640, waya 350, gundi 250, spiriti 300, papai 100, barafu 50, ushanga 150, utepe 100, tuktuk 300. Jumla sh. 3,180. Zilizopotea kabisa ni 400, ile gundi na chupa ya kwanza ya spiriti.

Mpwa wangu njiani aliniuliza, "Mjomba, si wakigeuze tu hicho kijiti kirudi?" Nikamjibu ninachokijua. Novemba 2023 Uingereza iliruhusu tiba iitwayo Casgevy, Marekani ikafuata Desemba, nayo haigeuzi herufi ya 20, inakata pahala pengine kwenye seli za uboho ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ya uchanga, ile isiyo na beta, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Vidonge anavyomeza mpwa wangu vya haidroksiurea navyo husaidia kwa njia inayokaribiana, kuongeza hiyo hemoglobini ya uchanga, ndiyo sababu namsumbua avimeze kila siku. Akanyamaza, akasema basi kwenye ngazi yetu kijiti cha 20 kisifungwe kwa waya kama vile vyengine. Jioni nimekitoa waya. Kinatoka na kugeuka kwa mkono mmoja.